Riwaya Kumi na Mbili kwa Mwaka Mmoja: Unguja Iliyochelewa Kuandikwa

Kazi ninayoieleza hapa hakunipa mwalimu yeyote, na wala haikuwa na maksi. Mwezi wa Januari 2024 nilijiwekea nadhiri ya kusoma riwaya kumi na mbili za watunzi wa Zanzibar, moja kila mwezi, mpaka Disemba. Nadhiri yenyewe ilikuwa na masharti. Riwaya zisomwe kwa kufuata mwaka wa kuchapishwa, sio mwaka wa matukio yanayosimuliwa. Ziwe za Kiswahili. Na nisiguse mwongozo wala tahakiki mpaka nimemaliza kitabu chenyewe na kujaza ukurasa mmoja wa daftari kwa mawazo yangu mwenyewe, mabovu au mazuri.

Sharti hili la mwisho ndilo lililonishinda nguvu kuliko yote, na nadhani wenzangu mnaelewa. Sisi tunavijua vitabu kwa vipande. Mtu anaweza kukupa dhamira tano za Kuli bila ya kuwahi kuufungua ukurasa wa kwanza wa Kuli. Halafu ipo ile kauli tunayoianzia insha zetu zote, kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Mimi nilitaka kuuliza suali la kitoto tu: kioo hiki kinaonyesha jamii ya lini? Ya siku mtunzi alipokaa kuandika, au ya siku nyengine kabisa? Ndio maana nikashikilia ule utaratibu wa miaka ya kuchapishwa.

Nilianza na Muhammed Said Abdulla, kwani huwezi kuanza pengine. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58 na ikachapishwa 1960. Maiti ya Bwana Ali, mwenye mashamba, inakutwa kwenye mzimu wa wazee wake, polisi wanahangaika, na Bwana Msa anakuja na kiko chake kufumbua fumbo. Februari nikasoma Kisima cha Giningi ya 1968. Hapa ndipo nilipokaa kitako nikafikiri. Baina ya vitabu hivi viwili imepita miaka minane, na katikati yake yamo mambo makubwa kuliko yote yaliyoifika nchi hii katika karne nzima: uhuru wa Disemba 1963, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Muungano wa Aprili mwaka ule ule. Lakini Bwana Msa hana khabari. Yeye bado anavuta kiko, na mabwana bado ni mabwana. Msomaji aliyetoka nchi ya mbali akipewa vitabu hivi viwili hawezi kujua kuwa baina yao serikali imepinduliwa.

Wahakiki wengi wamemwekea Abdulla alama mbaya kwa hili, wakazitia kazi zake katika fungu la riwaya pendwa na kupita. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyezaliwa Makunduchi 1918, akawa mhariri wa magazeti katika mji huu huu, hakuwa kipofu. Kuendelea kuuandika ulimwengu ambao haupo tena ni uamuzi, na uamuzi huo nao ni ushahidi wa historia. Tena tusisahau Kiswahili chake. Kwa miezi miwili nilikuwa nikisoma kwa sauti barazani, na bibi yangu, ambaye hajawahi kuisoma riwaya yoyote, alikuwa akiacha kuchambua mchele kusikiliza.

Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972) niliimaliza kwa siku tatu. Ni kisa cha Mwinyi mzee tajiri, Idi kijana mwenye tamaa na Bahati anayelipia tamaa za wote wawili, na kimesukwa vizuri sana. Nyota ya Rehema (1976) ni nzito zaidi, kwa sababu ndani yake mna ardhi. Rehema ni binti wa tajiri Fuad ambaye kwao hakupata pa kukaa, na ugomvi wa shamba unakuja kumkuta hata pale anapodhani ameshapumzika. Mei nikaingia Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978), nikacheka: Fuad mwengine! Mabwanashamba wawili, watunzi wawili, miaka miwili tu baina yao, na jina ni lile lile. Sijui kama walisikilizana. Tofauti ni kwamba Fuad wa pili anapinduliwa mbele ya macho yetu. Kijakazi aliyemtumikia maisha yake yote anauona ushirika na ugawaji wa ardhi, zile eka tatu tatu tulizosomeshwa skuli. Hii ndiyo riwaya ya kwanza katika orodha yangu inayouvuka mwezi wa Januari 1964. Inauvuka kwa furaha, inatembea hatua chache upande wa pili, kisha inasimama.

Juni na Julai ndiyo miezi niliyofaidi zaidi. Kuli ilitoka 1979 na Dunia Mti Mkavu ya Said Ahmed Mohamed ikatoka 1980, na zote mbili zinasimulia mgomo mmoja, ule wa 1948. Wasomaji wa historia wanajua kwamba mgomo ule ulianza Agosti kwa wachukuzi wa bandarini na Septemba ukawa mgomo mkuu wa mji. Adam Shafi anamchukua Rashidi, mtoto wa kuli, anamlea mbele yetu tangu udogo, anamtia mikononi mwa Faraji amfundishe maana ya chama, na karibu kila kitu kinatokea bandarini na Ng'ambo. Said Ahmed Mohamed haridhiki na bandari peke yake. Yeye anaanzia shamba, anataka tuone kuwa mkulima na mchukuzi wananyonywa na mkono mmoja. Kwa fani, mimi naipa Kuli nafasi ya kwanza, maana Rashidi ana njaa, ana makosa, ana mama. Kwa fikra, Dunia Mti Mkavu imekwenda mbali zaidi, ingawa mara nyengine wahusika wake wanazungumza kama waliotoka kwenye semina. Lakini hebu tujiulize: kwa nini mgomo wa 1948 uandikwe mara mbili ndani ya miaka miwili, baada ya kukaa kimya miaka thelathini na moja?

Jawabu langu ni hili. Mwaka 1977 ASP na TANU zimeungana, CCM imezaliwa, na usomi wa siku zile, hasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulikuwa umejaa lugha ya matabaka. Mgomo wa 1948 ulikuwa mzazi halali. Ulikuwa historia ambayo kila mtu angeweza kuipokea bila ya kugeuka nyuma kuangalia nani anamsikiliza. Sisemi kuwa watunzi waliandika kwa kuagizwa. Nasema mlango ule ulikuwa wazi, na milango mengine ilikuwa imefungwa.

Utengano (1980) niliisoma Agosti. Maksuudi na bintiye Maimuna wanajulikana na kila aliyepita kidato cha nne, basi sitawachosha. Septemba ilikuwa zamu ya Kiza katika Nuru (1988), ambapo kwa mara ya kwanza nilimkuta mtunzi wetu akiwakemea wakubwa wa nchi iliyokwisha kujitawala. Ni kitabu cha ushujaa, lakini chukua ramani ukitafute kisiwa ndani yake, hukioni. Mtunzi huyo huyo aliporudi kwenye hasira hiyo katika Babu Alipofufuka (2001), ambayo haikuingia katika kumi na mbili zangu, ilibidi amfufue maiti ndipo yasemeke. Oktoba nikastarehe na Vuta n'kuvute (1999). Vijana wengi sasa wanaijua kwa filamu ya Amil Shivji ya 2021, nao hawakukosea, ila filamu haiwezi kukupa Ng'ambo ya Mwajuma kama kitabu kinavyokupa. Yasmin anamkimbia mume mzee, anampenda Denge mwanasiasa, na Waingereza wanawasaka. Lakini tuhesabu: mwaka ni 1999 na tumerudishwa tena miaka ya hamsini.

Mimi nakaa Amani. Kutoka kwetu mpaka uwanjani ni mwendo wa dakika chache, na usiku wa mechi taa za uwanja zinanitosha kusomea barazani, tangu ulipofanyiwa ule ukarabati mkubwa wa 2023. Uwanja wenyewe ulifunguliwa 1970. Kila nilipofunga kitabu nilikuwa nikiuangalia na kufikiri kuwa miaka ile ulipokuwa ukisimama, watu walikuwa wakipanga foleni za chakula, wengine wakikamatwa usiku, wengine wakihama kwa ngarawa, wengine wakipata nyumba ya mawe kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Yote haya kwa pamoja. Miezi kumi ya nadhiri yangu ilikuwa imepita na sijakutana na mtu hata mmoja anayeishi waziwazi katika Unguja ya miaka ile. Riwaya zilikuwa zinakuja mpaka ukingoni, zinachungulia, zinarudi.

Novemba ndipo nilipofungua Haini (2003). Kiongozi wa nchi ameuawa, na Hamza anachukuliwa. Sehemu kubwa ya kitabu ni gereza: mahojiano, vipigo, kungoja, na vichekesho vidogo vidogo vya wafungwa ambavyo ndivyo vinavyotisha kuliko vipigo. Msomaji wa Unguja hahitaji kuambiwa ni nchi gani. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani baada ya hapo. Kutoka 1972 hadi 2003 ni miaka thelathini na moja. Kutoka 1948 hadi 1979, Kuli ilipotoka, ni miaka thelathini na moja. Mtunzi ni yule yule. Mimi si mtu wa kujenga kanuni juu ya namba mbili, na pengine ni sadfa tupu. Ila miaka thelathini na moja ya kwanza alikuwa akikua, akisoma, akikusanya visa vya wazee wa bandarini. Thelathini na moja ya pili alikuwa anakijua kisa chote tangu siku ya kwanza.

Nilifanya kama desturi yangu, nikaanza kuisoma kwa sauti. Bibi alisikiliza kurasa mbili. Kisha akaniambia, "Mwanangu, punguza sauti."

Nikamwambia, "Bibi, kitabu kinauzwa dukani hiki."

"Najua. Punguza tu."

Tulikuwa mwaka 2024. Niliimaliza Haini kimya kimya chumbani, na ukurasa wa daftari wa mwezi ule ni maneno yake hayo tu na tarehe.

Kuna jambo jengine nililoligundua kwa kuangalia majalada. Vitabu vyote kumi na viwili vilitolewa nje ya visiwa: Nairobi, Dar es Salaam, London. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tunajisifia hilo mpaka leo. Lakini riwaya ya Kiunguja ikitaka kuzaliwa lazima ipande meli. Hata Sayyida Salme, binti wa Sultani aliyezaliwa Mtoni 1844, kumbukumbu zake alizitoa Ujerumani mwaka 1886, kwa Kijerumani. Yeye anasimulia kwamba wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana, basi akajifundisha kwa siri kwa kuziiga herufi za Qur'ani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Nikilinganisha na nadhiri yangu ya barazani, naona haya kuiita nadhiri.

Na kwa kuwa nimemtaja mwanamke: katika riwaya hizi Bahati, Rehema, Kijakazi, Maimuna na Yasmin ndio wanaobeba mzigo, na wote wameandikwa na wanaume. Rafiki yangu wa darasani aliiangalia orodha akaniuliza kama wanawake wa Unguja hawana kalamu. Nilimwambia angoje Disemba.

Disemba ilikuwa ya Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, kilichotolewa na Mkuki na Nyota 2022. Gurnah aliondoka Unguja kijana, mwishoni mwa miaka ya sitini, na kwa Kiingereza ameiandika mara nyingi ile miaka ambayo riwaya zetu ziliikwepa. By the Sea, yenye mfungwa wa baada ya uhuru, ilitoka 2001, miaka miwili kabla ya Haini. Lakini kitabu chake kilichonifikia mimi kwa lugha ya mama, mwaka mmoja baada ya Nobel na miaka ishirini na minane baada ya kuandikwa, ni cha Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Misafara bado inakwenda bara na Wajerumani ndio kwanza wanaingia. Nilianza Januari na kitabu cha 1960 na mabwana wake wa siku zile zile. Nikamaliza Disemba na kitabu kipya kuliko vyote, nimesimama kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Rafiki yangu ameshakichukua. Mimi nimenunua daftari jengine, na safari hii mstari wa kwanza nimeandika 1970, halafu nimeacha kurasa tupu kwa ajili ya bibi, siku atakayotaka kusema.