Deni la Fumbo

Mwaka 1654 Pascal wa Paris na Fermat wa Toulouse walitegana fumbo kwa barua. Wachezaji wawili wa mchezo wa bahati wameweka sarafu 32 kila mmoja. Atakayetangulia kushinda mara tatu achukue zote. Mchezo umekatizwa, mmoja ameshinda mara mbili, mwenzake mara moja. Wagawane vipi? Jibu ni 48 kwa 16, na barua hizo zikazaa hesabu za uwezekano.

Fumbo hilo alinitega mwenzangu wa chuo cha ualimu, usiku, kwenye mwanga wa kandili. Likanishinda. Tulipoachana akasema, "Nitangoja barua yako." Kwa kuona haya sikuandika, nilipolipata jibu, alikwisha fariki.

Pascal na Fermat hawakuonana kamwe, lakini walijibizana. Ndugu msomaji, ukitegwa jibu, japo kwa kukiri umeshindwa.