Udongo Usafirio

Msomaji, ukisimama juu ya genge la Manga siku isiyo na ukungu, utauona mji wa Kisii chini yako, na mbali zaidi Ziwa Viktoria likimetameta. Kisha wakati wa mvua nenda ukautazame mto Gucha: maji yake ni mekundu. Huo ni udongo wa mashamba ya Nyamira na Kisii, uteremkao mpaka Nyatike, ambako Wajaluo huuita mto huo Kuja. Sisi wa milimani twauhesabu kuwa hasara. Kwa watu wakaao mdomoni mwa mto, tope hilo ndilo shamba.

Jambo hili ladhihirika zaidi katika historia ya mto Tana. Delta yake iliumbwa kwa udongo wa mafuriko, na Wapokomo wakapanda mpunga na migomba kandokando, wakiyangojea maji kama wewe ungojeavyo masika. Wala binadamu hakuwa mtazamaji tu. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belazoni ili kuunganisha Tana na mto Ozi. Ulikuwa mfereji mwembamba, lakini mto ukaupenda, ukaupanua, ukauacha mdomo wake wa kale na kumwaga maji yake Kipini. Majembe ya mkono yalihamisha mto mrefu kuliko yote nchini!

Ndipo yakaja mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Faida yake waijua kila uwashapo taa. Lakini mafuriko yalipungua, na udongo wa miteremko ya Nyandarua na Mlima Kenya ukatuama Masinga, ambako tope limejaa upesi kuliko wahandisi walivyokadiria.

Je, kilichozuiwa chaweza kurudishwa? Huko Louisiana, Marekani, ambako kingo za mto Mississippi zilichangia kupotea kwa kilomita za mraba zipatazo 5,000 za pwani tangu miaka ya 1930, mashine huchota tope vilindini na kulisukuma kwa mabomba hadi kwenye vinamasi vilivyozama. Mwaka 2023 ilianzwa kazi kubwa zaidi, ya kufungua ukingo huko Barataria ili mto wenyewe ubebe udongo wake. Mwaka 2025 ikafutwa. Gharama ilikuwa kubwa, na wavuvi wa chaza walihofia kwamba maji yasiyo na chumvi yangeua riziki yao. Hofu hiyo si ya kupuuzwa.

Delta ya Tana iliandikwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima. Udongo mwingi uliokuwa ukielekea huko umelala Masinga, mamia ya kilomita kutoka Kipini, nyuma ya ukuta uliojengwa kuzuia maji.