Waliojua Mto Unakoelekea

Tarehe 26 Aprili 1858 mitumbwi iliyotoka Ujiji ilifika Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, ikiwa imewabeba Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke. Walikuja na swali moja: mto Ruzizi unatoka ziwani, au unaingia? Burton alikuwa hoi kwa ugonjwa, lakini aliomba moyoni aambiwe kwamba unatoka, maana hapo angeweza kudai kwamba amekifikia chanzo cha Nile. Wana watatu wa Maruta, mtawala wa Uvira, walikuja kuwaona wageni. Walipoulizwa, walisema unaingia. Msafara ukageuza bila kuuona mdomo wa mto. Ikabidi Livingstone na Stanley wapigiwe makasia hadi Ruzizi mnamo Novemba 1871 ndipo Ulaya ianze kukubali jambo ambalo vijana wa Uvira walikua nalo.

Hao wana wa Maruta ni miongoni mwa waelekezi wa kwanza wa mwambao huu kutajwa katika maandishi, na hata majina yao hayakuandikwa. Tangu siku hizo, watu wa Ziwa Tanganyika wamewaongoza wageni wengi majini na msituni. Kuwaongoza watoto wao wenyewe, kwa mpango na kwa kambi, ni jambo lililochelewa sana.

Sayansi yenyewe haikuchelewa. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti ya IRSAC, makao yake makuu Lwiro, karibu na Bukavu, na tawi la ziwa likawekwa Uvira. Hapo ndipo Raymond Laurent, bingwa wa vyura na nyoka, alipofanyia kazi zake, akipanda milima ya Itombwe kukusanya vyura ambao dunia ilikuwa bado haijawapa majina. Tawi hilo leo ni Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH, ambako wataalamu wa Kongo walishirikiana kwa miaka mingi na Wajapani. Mmoja wa Wajapani hao, Michio Hori, alichapisha mwaka 1993 habari za samaki wa ziwa hili anayeishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wenzake. Baadhi ya samaki hao mdomo umepinda kulia, wengine kushoto. Wa upande mmoja wakizidi, samaki wanaowindwa hujihadhari na upande huo, na wale wachache wa upande wa pili ndio wanaoshiba. Kwa hiyo wingi hupanda na kushuka kwa zamu. Ni vigumu kufikiria somo zuri zaidi la kumpa mtoto wa miaka 10 aliyekaa ukingoni mwa maji. Lakini somo hilo liliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida la wataalamu.

Njia ya kuwafikia watoto ilianzia ng'ambo, upande wa Tanzania, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Uvira, kwenye vilima vya Gombe vinavyotazamana na rasi ya Ubwari. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka hapo tarehe 14 Julai 1960 pamoja na mama yake. Kongo ilikuwa imepata uhuru wiki mbili tu kabla, na mji wa Kigoma aliukuta umejaa Wabelgiji waliovuka ziwa kukimbia machafuko. Kabla ya kumwona sokwe yeyote, mama na binti walisaidia kuwaandalia wakimbizi hao mikate ya nyama ya kopo. Tangu mwanzo, basi, habari za Gombe na habari za Kongo zilikuwa zimefungamana.

Sifa za Gombe zimemwendea Goodall, na anazistahili. Hata hivyo, tarehe 7 Januari 1974, wakati sokwe madume wa kundi la Kasakela walipomvamia Godi wa kundi la Kahama na kumpiga hadi wakamwacha akiwa taabani, aliyekuwapo na daftari lake alikuwa Hilali Matama, msaidizi wa utafiti mzaliwa wa eneo hilo. Ndivyo vita vya sokwe vilivyoanza kuandikwa.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 19 Mei 1975. Watu wenye silaha wapatao 40 walivuka ziwa kutoka Fizi, upande wa Kongo. Walikuwa wapiganaji wa PRP, chama cha Laurent-Désiré Kabila, ambaye miaka 22 baadaye angekuwa rais wa Kongo. Waliwateka vijana wanne, watatu wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford na mmoja Mholanzi. Wote waliachiliwa hai baada ya wiki nyingi za mazungumzo na fedha, lakini watafiti wageni hawakuruhusiwa tena kuishi Gombe kwa miaka kadhaa. Wengi walidhani kazi imekufa.

Haikufa. Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono, Yahaya Almasi na wenzao waliendelea kupanda vilima kila alfajiri na kuandika, kwa Kiswahili, nani amekula nini, nani amezaa, nani amepigana na nani. Utekaji uliotoka upande wa Kongo ndio uliowaacha wana wa ziwa wakiwa wenye kazi badala ya wasaidizi tu. Jambo hili linastahili kufundishwa katika kila shule ya Uvira na Kigoma, kwa sababu ni historia ya pande zote mbili za maji, yenye uchungu na fahari kwa pamoja.

Wakati huo vilabu vya watoto vilikuwa vimeanza kuota kwingine. Wildlife Clubs of Kenya ilianza mwaka 1968, na Tanzania ikafuata na vilabu vya Malihai mwaka 1980, kila klabu ikiwa na mwalimu mlezi. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikusanyika barazani kwa Goodall, Dar es Salaam, wakimweleza yanayowasumbua: uvuvi wa baruti, ujangili, uchafu wa mitaa. Kutokana na kikao hicho ikazaliwa programu ya vijana ya Roots & Shoots, ambayo leo imo katika nchi zaidi ya 60. Mwaka 1994 ukaongezwa mradi wa TACARE katika vijiji vinavyozunguka Gombe, ambako wanakijiji wenyewe walianza kupanda na kulinda misitu.

Upande wa Kongo miaka hiyo ilikuwa ya vita. Uvira ilitekwa Oktoba 1996, na kwa muda mrefu neno kambi lilimaanisha mahema ya wakimbizi au ngome ya askari. Waliobaki na desturi ya kuwapeleka watoto nje ya mji wakati wa likizo kubwa, miezi ya kiangazi mvua zinapokoma, walikuwa zaidi maskauti na vijana wa Xaveri, chama cha Kikatoliki kilichozaliwa Bukavu miaka ya 1950 chini ya padri Georges Defour. Walezi wao walifundisha nyimbo, sala, mafundo ya kamba na kuwasha moto. Wanyama walikuwa pembeni ya somo. Mwaka 2002 ICCN, taasisi ya hifadhi ya Kongo, na watafiti wa Lwiro walifungua kituo cha kuwahifadhi sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi, na wanafunzi wakaanza kupelekwa kuwaona yatima hao na kusikia walivyofika pale. Mwaka 2006 serikali ikatangaza Hifadhi ya Itombwe, makao ya sokwe na gorila wa tambarare za mashariki. Mipaka yake ilikubaliwa na wenyeji miaka kumi baadaye. Mtoto wa Uvira sasa anaishi kati ya ziwa lenye kina cha mita 1,470 na mlima wenye hifadhi.

Tena anaishi na hatari. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kuzoa maelfu ya nyumba, huku vilima vilivyokatwa miti juu ya mji vikishindwa kuyazuia maji. Viboko huja hadi karibu na nyumba, na mamba wapo. Kwa hiyo mlezi wa kambi Uvira hawezi kuiga tu kitabu cha Nairobi au cha Ulaya. Lazima ajue ni saa ngapi kiboko hupanda nchi kavu, mto upi hujaa ghafla ingawa mjini hakujanyesha, kwa nini samaki wadogo wa ndakala hufuata mwezi. Wavuvi wa Kalundu, bandari ya mji, wanayajua haya yote, na wengi wao hawajawahi kuitwa na shule yoyote kuyasema mbele ya watoto. CRH wana samaki, wana wataalamu na wana kumbukumbu za miongo saba. Kinachokosekana ni bajeti ndogo ya kila Julai: nauli, chakula, maboya ya kuvaa majini, na malipo ya heshima kwa mvuvi atakayekubali kuwa mwalimu kwa wiki mbili.