Simu inavyopima ugonjwa kwenye jani la muhogo

Chukua shamba la muhogo Unyambwa, ndani ya Manispaa ya Singida. Mvua za huku ni za msimu mmoja. Alizeti inaleta hela, lakini muhogo ndio unaosubiri ardhini pale mahindi yanapogoma. Kabla ya kukata pingili za kupanda msimu ujao, mkulima anataka jibu moja tu: mmea huu ni mzima au unaumwa? Akikata pingili kwenye mmea wenye virusi, ugonjwa anaupanda kwa mkono wake mwenyewe.

Magonjwa mawili ndiyo yanayotisha zaidi: batobato na michirizi ya kahawia. Huu wa pili una historia ya hapa hapa nyumbani, maana uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, milima ya Usambara.

Kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakipima magonjwa haya kwa macho. Mtu anatazama mmea, anaupa alama kuanzia 1 (hauna dalili) hadi 5 (hali mbaya). Shida ni kwamba macho yanatofautiana. Mmea mmoja, wewe unaupa 3, mwenzako anaupa 4, na jioni mkiwa mmechoka mnabadilika tena.

Ndipo uchambuzi wa picha kwa kompyuta unapoingia.

Kompyuta haioni jani. Inaona vidoti vidogo vya rangi, yaani pikseli, na kazi yake ni kuhesabu. Tuseme umelaza jani kwenye karatasi nyeupe ya A4, ukapiga picha kutoka juu. Karatasi ile ina sentimita 21 kwa 29.7, sawa na sentimita za mraba 623.7. Kama karatasi nzima imechukua pikseli 6,237,000, basi kila sentimita ya mraba ina pikseli 10,000. Jani likichukua pikseli 850,000, ukubwa wake ni sentimita za mraba 85. Na kama 170,000 kati ya hizo ni za njano, asilimia 20 ya jani imebadilika rangi. Hapo hakuna kubishana 3 au 4.

Programu za kufanya hivyo zipo, tena za bure. Inayotajwa sana maabara ni ImageJ, iliyotengenezwa na Wayne Rasband wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na kutoka mwaka 1997. Inapima majani, inahesabu seli, inahesabu hata mbegu zilizomwagwa mezani.

Lakini bila ile karatasi, au rula pembeni, picha haina kipimo. Inabaki picha tu. Simu ikiinama, jani linapungua upande mmoja. Kivuli chako kikianguka juu ya jani, programu inaweza kukihesabu kama doa. Jua la saa saba mchana nalo linang'arisha jani la kijani hadi linaonekana jeupe.

Shambani hakuna karatasi nyeupe nyuma ya kila jani, kwa hiyo watafiti wakageukia akili mnemba. Badala ya kuiambia kompyuta rangi ipi ni ugonjwa, unaionyesha maelfu ya picha zilizotambuliwa na wataalamu, ijifunze yenyewe. Picha za mwanzo za muhogo, zaidi ya 2,700, zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio ya taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, IITA, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kwenye picha ambazo haikuwahi kuziona, kompyuta ilipatia kwa asilimia 93.

Ilipohamia kwenye simu, mambo yakawa magumu. Utafiti wa 2019 ulionyesha uwezo unashuka ukipiga picha shambani kwenyewe, hasa dalili zikiwa hafifu. Na dalili hafifu ndizo mkulima anazozihitaji. Mmea uliokwisha kuharibika kila mtu anauona.

Programu iliyotoka kwenye kazi hiyo inaitwa Nuru, ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State wakishirikiana na IITA, na inafanya kazi hata bila intaneti. Utafiti ulioongozwa na Latifa Mrisho, uliochapishwa mwaka 2020, uliipima: Nuru ilipatia asilimia 65, maofisa ugani kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Asilimia 65 si ya kujivunia sana, tuseme ukweli. Ila walipopima majani sita kwa kila mmea badala ya moja, ikapanda hadi kati ya 74 na 88.

Sababu inaeleweka ukiujua mmea wenyewe. Batobato huonekana zaidi kwenye majani machanga ya juu, wakati michirizi ya kahawia hujificha kwenye yale ya chini yaliyokomaa. Ukipiga picha jani moja la juu, lile zuri lililo usawa wa mkono, simu inaweza kukwambia mmea mzima wakati ugonjwa uko chini ya goti.

Na kuna kitu kamera haikifikii kabisa. Michirizi ya kahawia inaweza kuozesha mizizi huku majani yakiwa hayaonyeshi kitu cha maana. Hapo bado ni jembe: chimba, kata muhogo katikati, tafuta madoa makavu ya kahawia kabla ya kugusa pingili.