UZI: Storm ni kabila gani?

1.
Uchaguzi ukikaribia, kuna hoja moja haikosi kwa mjadala: "Huyo si wa hapa." Si wa kaunti hii, babake si wetu, jina lake halieleweki. Kama kawaida, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama, tunaifungua hoja yenyewe. Leo naanza na Storm wa X-Men na naishia Kibera. Nivumilieni, kuna sababu.

2.
Nimekulia Kawangware, upande wa Gatina. Muvi zangu za kwanza niliziona kwa kibanda cha video: benchi za mbao, pazia zito mlangoni, shilingi kumi kuingia. Tulipenda sana zile za kusimuliwa, na DJ Afro ndiye alikuwa mfalme wa hiyo kazi. Steringi ni Mchina ama Mzungu, lakini anaongea Kiswahili cha mtaa mpaka unasahau alitoka nchi gani. Hakuna mtu alilalamika eti amebadilishwa uraia.

3.
Siku moja ikawekwa X-Men, ya Kizungu tupu. Mwenye kibanda akatuambia, "Huyo wa nywele nyeupe ni Mkenya." Kijana mmoja nyuma akauliza, "Kabila gani?" Basi benchi nzima ikaanza kumgawa. Ni Mluhya, si anashika mvua! Zii, huyo ni Mkamba. Mwingine akaapa ni Mturkana, angalia vile anasimama.

Nikikumbuka sasa, hakuna aliyeuliza ni Mkenya kivipi. Tulikuwa na miaka tisa, kumi, na tayari hilo ndilo swali la kwanza tulilojua kuuliza.

4.
Sasa tuingie kwa historia. Storm, jina kamili Ororo Munroe, alitokea mara ya kwanza 1975 kwenye Giant-Size X-Men namba 1, kazi ya mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Marvel walikuwa wanataka kikosi cha kimataifa. Colossus akatolewa shamba la ushirika huko Urusi, Nightcrawler Ujerumani, Sunfire Japani, Banshee Ayalandi, Wolverine Kanada. Thunderbird akapewa hadi kabila: ni Mwapache.

Storm akapewa "Kenya" tu, na watu wasio na jina wanaomwabudu kama mungu wa kike ili awaletee mvua.

5.
Komiki za baadaye zikamwongezea ukoo. Alizaliwa New York. Baba ni David Munroe, mpiga picha, Mmarekani mweusi. Mama ni N'Dare, binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. Wazazi wakafa Cairo kwenye mabomu ya vita vya Suez vya 1956, mtoto akakulia barabarani akiiba mifukoni, kisha akatembea kuelekea kusini mpaka akafika kwao mama.

N'Dare, kwa kweli. Jina la Mkenya huwa linakuambia mengi kabla hajafungua mdomo, na hili halisemi kitu. Hako kaalama katikati ya herufi ni mtu wa New York akibuni Afrika.

6.
Na hawakuhitaji kubuni. Bunyore, kaunti ya Vihiga, kuna ukoo wa Nganyi, unaojulikana kwa vizazi kama waleta mvua. Wanasoma miti, wadudu na upepo, na wana misitu yao ya kale wanayoilinda. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa hali ya hewa walianza kuketi nao ili watoe utabiri wa msimu kwa pamoja, sayansi upande huu na wazee upande ule.

Hao si miungu. Wana kazi, wana jina, wana majirani wa kuwalaumu mvua ikichelewa. Hapo ndipo komiki ilikosea. Shida si kumpa Storm kabila ama kumnyima. Shida ni kwamba hakuwa na majirani, alikuwa na waumini.

7.
Twende kwa muvi. X-Men ya 2000 inaanza Poland, 1944. Mvulana Myahudi anatenganishwa na wazazi wake kwenye geti la kambi ya Wanazi. Huyo ndiye Magneto, na ndani ya dakika chache umeelewa hasira yake yote. Na jua Magneto alibuniwa 1963 bila hiyo historia. Komiki zilimpa Auschwitz mwaka wa 1981.

Storm alikuja na Kenya yake tangu 1975. Muvi hiyo hiyo haikumpa hata sini moja ya huku. Halle Berry alijaribu lafudhi kidogo, na kufika muvi ya pili, 2003, lafudhi ilikuwa imeyeyuka. Mwaka 2016, kwenye X-Men: Apocalypse, tunamwona Storm akiwa kijana, lakini akiwa Cairo. Kenya ilibaki nje ya pazia.

8.
Hapa ndipo wengi wetu husema, "Wametuibia shujaa wetu." Nilikuwa kwa hiyo kambi pia, hadi tukasoma sheria za uraia chuoni.

Chini ya Katiba ya uhuru, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia wa kuzaliwa kupitia baba. Mama Mkenya hakutosha. Sasa mpige Storm hesabu: amezaliwa New York, baba Mmarekani, mama Mkenya. Hata ukisema alizaliwa kabla ya Desemba 1963, kanuni ilikuwa ile ile, baba ndiye anahesabiwa. Yaani mwaka ule Marvel wanamwita Mkenya, sheria ya Kenya ingemwambia, "Mama, pole, wewe ni wa kwa babako."

Kabla Hollywood haijamtoa Kenya, sisi hatukuwa tumemwingiza.

9.
Hilo lilibadilika tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 14 cha Katiba mpya kinasema wewe ni raia wa kuzaliwa kama mama ama baba ni raia, uwe umezaliwa Kenya ama nje. Na kinawarudia hata waliozaliwa kabla ya siku hiyo. Kifungu cha 16 kikaongeza kwamba hupotezi uraia wako kwa kupata wa nchi nyingine.

Kwa hiyo Storm alipata haki ya kuwa Mkenya akiwa na miaka 35 ya kuchapishwa. Na ukisikia mtu kwa mjadala anasema "babake si wetu", jua anakariri sheria iliyokufa 2010.

10.
Lakini "si wa hapa" ina mizizi mirefu kuliko Katiba ya uhuru. Serikali ya kikoloni iligawa nchi kwa maeneo ya kikabila: hawa wakae huku, wale kule. Kisha ikaja kipande. Sheria yake ni ya 1915 na ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kutembea na karatasi yenye jina, kabila na mwajiri wake, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande bila kufikiria.

Kabila likawa ndio anwani yako. Na asiye na eneo lake kwenye ramani?

11.
Hapo ndipo Kibera inaingia. Wanubi walikuja wakiwa wanajeshi, asili yao Sudan, wakitumikia King's African Rifles. Walipewa kukaa kwenye msitu nje ya Nairobi, wakauita Kibra, neno la Kinubi la msitu. Walipigania Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini kwa ramani ya wakoloni hawakuwa na eneo la kabila lao, kwa hiyo wakachukuliwa kama wageni wasio na kwao, kwenye ardhi waliyoipa jina.

12.
Mimi na rafiki yangu, Mnubi wa Makina, tulimaliza fomu four mwaka mmoja na tukaenda kutafuta vitambulisho mwezi mmoja. Mimi nilibeba cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mamangu. Nikaulizwa ocha ni wapi, nikataja kijiji ambacho nimelala labda mara sita maishani. Ofisa akaandika, hakuinua hata kichwa.

Yeye aliambiwa angoje siku ya kupigwa msasa. Akakaa mbele ya kamati, wazee na maofisa.

"Babu yako alitoka wapi?"
"Kibera."
"Na kabla ya hapo?"
"Babu alizaliwa Kibera, mzee."
"Lete karatasi zake."

Kitambulisho changu kilitoka baada ya wiki kadhaa. Chake kilikaa zaidi ya mwaka. Bila hicho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna akaunti ya benki, hakuna mkopo wa chuo. Ndio maana niko mwaka mmoja mbele yake. Watu hudhani ni kwa sababu mimi ni mjanja zaidi. Mathe zake na zangu mnaziona kwa daftari la alama: alinishinda.

13.
Si hadithi ya mtu mmoja. Machi 2011, kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha wakue bila uhakika wa uraia. Oktoba 2016, Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, na wakatambuliwa rasmi kama kabila la 43. Mwaka 2017 Wanubi wakapewa hati ya ekari 288 za Kibera. Februari 2025, huko Wajir, likatolewa tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho kwenye kaunti za mpakani.

Angalia lakini njia Wamakonde waliyolazimika kupitia: ili uwe raia, kwanza uwe kabila lenye namba. Kijana wa benchi ya nyuma pale Gatina aliuliza swali ambalo serikali nzima ilikuwa inauliza.

14.
Kuna mtu atasema basi tusitaje asili kabisa, sote ni Wakenya. Hiyo ndiyo walimfanyia Storm, na haikumsaidia. Kuna njia nyingine. Kamala Khan, Ms. Marvel, ni msichana Mwislamu wa New Jersey, wazazi wao ni wa Karachi. Alipata komiki yake mwenyewe 2014. Ilipofanywa kipindi cha TV 2022, hawakufuta chochote. Walimpeleka Karachi, kisha wakarudi hadi 1947, India na Pakistan zikigawanywa na watu wakigombania treni. Anaswali msikitini, anabishana na mamake, anaokoa mtaa wake. Rafiki yangu aliitazama yote kwa simu yangu. Alisema kitu kimoja tu: "Huyu hawakumuuliza karatasi za babu. Walienda wakazitafuta wenyewe."

15.
Na tukumbuke Kisumu, Februari 2018, Black Panther ikizinduliwa huko na watu wakijaa wamevaa kama harusi, kwa sababu ya Lupita Nyong'o. Lupita alizaliwa Mexico City mwaka 1983. Kwa muvi anaigiza Mwakanda anayeongea Kixhosa. Hakuna mtu Kisumu alisema si wa hapa, na walikuwa sawa kabisa.

Mtu wetu aking'aa nje, "hapa" inapanuka mpaka Mexico. Mtu akiomba kitambulisho, kazi ama kura, "hapa" inapungua mpaka inakuwa kijiji kimoja.

16.
Kwa hivyo mjadala ujao, mtu akisema fulani si wa hapa, usikimbilie kumtetea kwa kutaja kabila lake, hapo umeshakubali mchezo. Muulize: kwa sheria gani? Akisema baba, mwonyeshe Kifungu cha 14. Akisema ardhi, muulize nani alichora huo mpaka na mwaka gani. Kama mgombea ni mwizi ama mvivu, sema hivyo, hiyo ni hoja. Mahali babu yake alizaliwa si hoja.

17.
Mwenye kile kibanda alifunga kitambo, sasa pale wanauza gesi. Wiki iliyopita nilimpata nikamuuliza alijuaje Storm ni Mkenya. Akasema kuna mteja alimwambia, naye akaona atatufurahisha. "Na kabila?" nikamuuliza. Akacheka: "Hiyo mlijibu nyinyi wenyewe."

Kama wewe ama mtu wenu alipitia msasa wa kitambulisho, andika hapo chini ilichukua muda gani na uliulizwa nini. Majina ya maofisa msiweke. Nitasoma zote, na uzi ujao nitaujenga kwa majibu yenu.