Mizani ya Kimeeza: Redio na Kanuni ya Usawa nchini Uganda

Ashukaye kilima cha Makerere kwa lango kuu huangukia Wandegeya. Hapo wanafunzi, wauguzi wa Mulago, wauza roleksi na waendesha bodaboda hupigana vikumbo tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Jina lenyewe latokana na neno la Kiganda ndegeya, ndege tuwaitao mnana, wafumao viota vyao kwa makundi katika mti mmoja na wasiojua kunyamaza. Mahali pa namna hii redio haisikilizwi na mtu peke yake. Huwekwa juu ya meza ya mpishi wa chapati, ikasikilizwa na wote wanaongoja, na kabla mtangazaji hajamaliza sentensi yake, wasikilizaji wamekwisha kumjibu.

Historia ninayokusudia kuieleza ni ya kujibu huko: jinsi majibu ya watu wa kawaida yalivyopata kuingia hewani, na jinsi kanuni ya mizani katika utangazaji, ambayo kwa maneno yake ni kanuni njema, ilivyotumiwa kuyatoa.

Kwanza tulitazame neno, maana sisi walimu wa Kiswahili tuna haki nalo. Mijadala ya hadhara iliyotangazwa na redio za Kampala iliitwa ekimeeza, kwa wingi ebimeeza. Mzizi wake ni meza, neno tulilolipokea kwa Wareno na ambalo Waganda walilipokea kwetu. Lakini tazama kiambishi. Mswahili asikiapo kimeza hufikiri meza ndogo, kama vile kijiji na kitoto. Mganda hufikiri kinyume, kwani ki- katika lugha yake hukuza, na kinachodunisha ni ka-. Basi ekimeeza ni meza kubwa, meza ya watu wengi. Mwanafunzi wa Kiswahili akilitafsiri neno hili kwa kufuata sarufi yetu ataigeuza historia juu chini.

Ajabu ya pili ni kwamba redio ya CBS, sauti ya Ufalme wa Buganda yenye makao yake Bulange, Mengo, iliuita mjadala wake Mambo Bado. Ni Kiswahili kitupu, katika redio ya Kiganda, katika nchi ambayo wengi walikihesabu Kiswahili kuwa lugha ya askari, hasa baada ya Idi Amin kukitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Hapana shaka waliochagua jina hilo walisikia kwamba maneno yale mawili yanabeba onyo na ahadi kwa pamoja.

Kwa miongo mingi Uganda ilikuwa na redio moja, nayo ilikuwa ya serikali. Raia alijifunza kwamba redio husema na mtu husikiliza. Mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971 wengi waliyajua kwa kuisikia sauti ya askari katika Redio Uganda. Mwaka 1993 mlango ulifunguliwa, na vituo vya watu binafsi vya kwanza, Sanyu na Capital, vikaanza kutangaza, muziki zaidi kuliko siasa. CBS ilifuata mwaka 1996. Mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Vyombo vya Habari vya Kielektroniki, iliyounda Baraza la Utangazaji na kuambatisha jedwali fupi la viwango vya chini ambavyo kila mtangazaji lazima avitimize.

Jedwali hilo lataka vipindi visiende kinyume cha maadili, visichochee chuki za kikabila, wala visielekee kuleta vurugu. Kisha yamo masharti mawili yanayotuhusu. La kwanza lasema kwamba kipindi kikimhusu mtu anayegombea cheo cha umma, kila mgombea apewe nafasi sawa katika kipindi hicho. Hili halina utata. Mwenye saa mkononi aweza kulipima. La pili lasema vipindi viwe na mizani ili kuleta upatanifu.

Hapa mfasiri hukwama. Mizani kwetu ni chombo chenye vitanga viwili, na kazi yake ni kuonyesha kipi kizito. Upatanifu ni hali ya vitu kukubaliana. Anayetaka mizani anataka pande mbili zisikike, hata zikigombana. Anayetaka upatanifu huenda akaridhika ugomvi ukitoweka, hata kwa kuuondoa upande mmoja. Sheria iliyaunganisha mambo hayo mawili katika kishazi kimoja kana kwamba la kwanza huzaa la pili daima. Nani ataamua upatanifu umevunjika lini? Baraza la Utangazaji lililokuwa chini ya serikali.

Kimeeza cha kwanza cha kutangazwa kilianza karibu na mwaka 2000, pale marafiki waliozoea kuzungumza siasa katika Club Obbligato walipoletewa vipaza sauti na Radio One. James Wasula alikuwa mwenyekiti. Kila Jumamosi alasiri watu walikusanyika, wakajiandikisha, wakangoja zamu, kila mmoja akapewa dakika chache mbele ya kipaza sauti. Walikuwapo mawakili na wasio na kazi, wabunge na wanafunzi walioshuka Makerere kuja kujaribu ndimi zao. Mjadala huo uliendeshwa kwa Kiingereza. Ule wa CBS, na Simbawo Akatii wa Redio Simba, uliendeshwa kwa Kiganda, na kwa hiyo ulifika mbali zaidi chini ya kilima.

Yafaa kukumbuka hali ya siasa ya wakati ule. Vyama vilikuwapo kwa jina tu, vikiwa vimezuiwa kufanya mikutano na kampeni chini ya mfumo wa Movement, na vizuizi hivyo havikuondoka mpaka baada ya kura ya maoni ya Julai 2005. Mpinzani asiyeruhusiwa kuitisha mkutano aliweza kusimama kwenye kimeeza. Wafuasi wa serikali walipoona hivyo, nao walikwenda kujiandikisha ili hoja zao zisikose msemaji. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mizani iliyopata kufanya kazi kwa dhati katika redio za Uganda, nayo haikuletwa na jedwali la sheria. Ililetwa na orodha ya majina, saa ya mwenyekiti na ukweli kwamba mlango ulikuwa wazi. Sisemi kimeeza kilikuwa paradiso. Uvumi ulisemwa, matusi pia, na wanawake walikuwa wachache mno mbele ya kipaza sauti.

Mwishoni mwa mwaka 2002 Waziri wa Habari, Basoga Nsadhu, alitangaza kwamba mijadala ya nje ya studio haina kibali. Amri hiyo haikutekelezwa, watu wakaendelea kuzungumza. Agosti 2005 Baraza lilifunga KFM kwa siku kadhaa kwa sababu ya kipindi cha Andrew Mwenda kilichozungumzia kifo cha John Garang katika helikopta ya Rais wa Uganda, na Mwenda akashtakiwa kwa uchochezi. Kesi ya kupinga kosa hilo ilichukua miaka; Mahakama ya Katiba ililifuta katika sheria za nchi mwaka 2010.

Kufikia hapo ya Septemba 2009 yalikuwa yamekwisha kutokea. Serikali ilizuia safari ya Kabaka kwenda Kayunga, ghasia zikalipuka Kampala na miji ya jirani, na zaidi ya watu 20 wakauawa, wengi wao kwa risasi. Tarehe 10 ya mwezi huo CBS ilizimwa. Vituo vingine vilifungwa pia, na ebimeeza vyote vikapigwa marufuku.

Haki yataka tuseme kwamba hofu ya serikali haikuwa ya kubuni yote. Jirani tu, Rwanda, redio ya RTLM ilikuwa imewachochea watu kuua mwaka 1994, na hakuna mtu mzima Kampala asiyeyajua hayo. Lakini sheria ya 1996 ilikuwa na kifungu chake cha kuzuia uchochezi, na mtu aliyesema neno la kuua angeweza kushtakiwa kwa jina lake. Marufuku ya 2009 haikumtafuta msemaji. Iliondoa meza, na pamoja nayo ikawaondoa hata wale waliokuwa wakija kuitetea serikali.

Ulinganisho na Marekani wasaidia hapa. Kuanzia mwaka 1949 wenye vituo kule walitakiwa kujadili mambo yenye mabishano na kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Mahakama Kuu yao iliikubali kanuni hiyo mwaka 1969 kwa hoja kwamba masafa ya redio ni machache, na mwaka 1987 ikafutwa. Ililaumiwa kwa mengi, ila wazo lake lilikuwa kuongeza sauti: umempa huyu nafasi, mpe na yule. Kampala kanuni ya mizani imekuwa, mara nyingi, sababu ya kupunguza.

Na upande wa dola je? Katiba ya 1995, ibara ya 67, yaamuru wagombea urais wote wapewe muda na nafasi sawa katika vyombo vya habari vya serikali. Hapa sheria haikusema upatanifu, ilisema sawa. Baada ya uchaguzi wa 2016, katika kesi ya Amama Mbabazi dhidi ya Rais Museveni, majaji 9 wa Mahakama ya Juu walitupilia mbali ombi la kutengua matokeo, lakini walikuta kwamba shirika la utangazaji la taifa, UBC, halikuwapa wagombea nafasi sawa. Wakapendekeza sheria irekebishwe iweke adhabu kwa chombo au ofisa wa serikali anayekiuka wajibu huo. Yaani kwa miaka 20 mtangazaji binafsi aliyekosa mizani aliweza kufungiwa usiku mmoja, na yule wa serikali aliyeikosa hakuwa na la kuogopa.

Jedwali la 1996 halikufa pamoja na Baraza. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 ililichukua, na kishazi cha mizani na upatanifu kimo bado, sasa mikononi mwa Tume ya Mawasiliano. Kwa jedwali hilo Tume iliviagiza vituo 13, mwishoni mwa Aprili 2019, viwasimamishe kazi wakuu wa habari na vipindi baada ya kutangaza kukamatwa kwa Robert Kyagulanyi. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya korona, Tume ya Uchaguzi iliamuru kampeni ziendeshwe zaidi kwa redio na televisheni, na Kyagulanyi huyohuyo, akiwa mgombea urais, akazuiwa mara kadhaa kufika vituoni.

CBS ilirudi hewani Oktoba 2010. Wandegeya walifungua redio zao wakasikia habari, matangazo ya vifo, muziki na wageni waliokaa studioni. Mambo Bado haikuwamo.