Saundiba katika Bulla Pesa, Isiolo

Saundiba ni spika ndefu na nyembamba inayowekwa chini ya televisheni ili kuipa sauti iliyo wazi kuliko ile ya spika zake za ndani. Katika kasha moja mna spika ndogo kadhaa pamoja na amplifaya inayoziendesha. Makala hii inaeleza namna ya kuichagua kwa fedha kidogo katika Bulla Pesa, wadi ya mji wa Isiolo nchini Kenya, ambako paa la mabati, aina ya umeme na lugha za nyumbani huamua matokeo kuliko jina la kampuni. Kwa mnunuzi wa kipato cha kawaida, utaratibu unaofaa ni kutafuta kwanza maneno yanayosikika, kisha besi, na ukubwa wa sauti baadaye.

Mahali na wasikilizaji

Bulla Pesa imo katika eneobunge la Isiolo Kaskazini, kwenye mji ulio takriban kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi, kando ya barabara kuu ya A2 iendayo Moyale. Wakazi wake ni Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, Wasamburu na wengineo. Katika nyumba nyingi Kiborana au Kisomali ndicho kinachozungumzwa jikoni, Kiswahili kikatumika sokoni na Kiingereza shuleni.

Hali hii ina uzito katika uchaguzi wa spika. Anayesikiliza taarifa ya habari kwa lugha yake ya pili au ya tatu hupotewa na maneno upesi zaidi penye kelele kuliko anayeisikiliza kwa lugha aliyozaliwa nayo, kwa sababu neno lililomezwa humwia vigumu kulikisia. Mzee ambaye masikio yameanza kuchoka hupata taabu hiyo maradufu. Kumwongezea sauti hakumsaidii sana ikiwa sauti yenyewe haina ukali wa kutenganisha herufi.

Chanzo cha tatizo

Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa, zikiwemo zile ndogo za Great Wall zilizoenea Kenya, zilikuwa na nafasi ya spika iliyomwelekea mtazamaji. Mwaka 2015 Kenya ilizima matangazo ya analogia na kuhamia mfumo wa dijitali wa DVB-T2. King'amuzi kikawa kifaa cha lazima kwa wenye televisheni za zamani, na televisheni bapa zikazidi kuchukua nafasi sebuleni. Picha ikaimarika, lakini sauti ikadhoofika: unene wa sentimita chache hautoshi spika ya maana, na iliyomo aghalabu huelekea chini au nyuma, hivyo sauti hugonga meza au ukuta kabla ya kumfikia msikilizaji.

Kinachopotea kwanza ni konsonanti. Nguvu kubwa ya irabu iko katika masafa ya chini na ya kati, ilhali sehemu kubwa ya utambulisho wa s, sh, f na ch iko kati ya hezi 2,000 na 8,000 hivi. Masafa hayo ya juu husafiri kwa mstari ulionyooka zaidi, na spika ikigeuziwa pembeni hufifia. "Fika", "pika" na "shika" hutofautiana kwa mwanzo wake tu, na mwanzo huo ukipotea, sentensi nzima huyumba. Saundiba husaidia kwa sababu moja iliyo wazi: spika zake humtazama mtu usoni.

Asili ya kifaa

Miongoni mwa saundiba za mwanzo inatajwa ADA106 ya kampuni ya Altec Lansing ya Marekani, iliyotoka mwaka 1998. Yamaha ya Japani ilifuata na YSP-1, iliyotumia spika nyingi ndogo kurusha sauti kwenye kuta ili izunguke chumba. Vifaa hivyo vilikuwa vya wenye nacho. Televisheni bapa zilipoenea katika miaka ya 2010, watengenezaji wengi waliingia sokoni na bei ikashuka.

Aina

Saundiba hutambulishwa kwa tarakimu. Ya kwanza ni idadi ya njia za sauti, ya pili ni idadi ya sabufa, yaani spika ya besi, na ya tatu, ikiwepo, ni idadi ya spika zinazoelekea juu.

- 2.0 ina kushoto na kulia bila sabufa. Inatosha chumba kidogo, habari na mijadala.
- 2.1 ina sabufa, ama ndani ya kasha ama pembeni kwa waya au bila waya. Hufaa muziki, filamu na mpira.
- 3.1 ina njia ya katikati ya ziada kwa ajili ya mazungumzo. Hii ndiyo tofauti yenye faida kubwa kwa anayetaka maneno.
- 3.1.2 na zaidi zina spika zinazorusha sauti juu ili irudi kama inatoka angani, kwa mfumo wa Dolby Atmos uliozinduliwa mwaka 2012.

Aina hii ya mwisho huhitaji dari bapa na ngumu inayorudisha sauti kwa msikilizaji. Katika nyumba yenye paa la mabati lililoinama na lisilo na dari, sauti hiyo hutawanyika ovyo, na fedha za ziada hupotea nayo. Isitoshe, habari, mijadala na tamthilia za kawaida kwenye king'amuzi hazihitaji njia zote hizo.

Matundu ya kuunganisha

Uchaguzi huanzia mgongoni mwa televisheni, kabla ya kufika dukani. Tundu lililopo ndilo linaloamua saundiba ipi itafanya kazi.

*HDMI ARC.* Mpango huu uliingia pamoja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Kebo moja huirudisha sauti kutoka televisheni hadi saundiba, na mara nyingi rimoti ya televisheni huweza kuongeza na kupunguza sauti. Tundu huandikwa "ARC", na tundu lingine la HDMI lisilo na maandishi hayo halitatoa sauti. eARC ni toleo lenye uwezo mkubwa zaidi, na kwa matangazo ya kawaida halihitajiki.

*Tundu la mwanga.* Njia hii ilibuniwa na Toshiba mwaka 1983. Hupitisha sauti kwa mwali wa mwanga, haiingiliwi na mvumo wa umeme, na hupatikana kwenye televisheni nyingi zisizo na ARC. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida msikilizaji hulazimika kutumia rimoti ya pili.

*Waya wa AUX na matundu mekundu na meupe.* Hii ndiyo njia ya televisheni za zamani na nyingi za sola. Ikiwa televisheni haina tundu la kutoa sauti ila la spika za masikioni, hilo nalo hutumika. Vilevile king'amuzi chenye matundu mekundu na meupe kinaweza kuunganishwa moja kwa moja na saundiba, huku picha ikipita njia yake.

*Bluetooth.* Hupendwa kwa kukosa waya, lakini huchelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde 100 hadi 200 au zaidi. Pendekezo BT.1359 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linaonyesha kwamba mtazamaji huanza kutambua kasoro sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi au kuchelewa kwa 125. Bluetooth inafaa muziki wa simu. Kwa midomo inayosema kwenye kioo, waya ni bora.

Kasoro moja huwafanya wengi warudishe kifaa kizima dukani: picha ipo, saundiba inawaka, sauti haitoki. Sababu mara nyingi ni kwamba televisheni au king'amuzi kinatuma sauti ya Dolby kwa saundiba isiyoielewa. Kubadilisha mpangilio wa sauti kuwa "PCM" huondoa tatizo hilo.

Wati na maandishi ya boksi

Boksi likiandikwa wati maelfu, aghalabu kipimo ni PMPO, hesabu ya kibiashara isiyo na kanuni moja inayokubalika. Kipimo cha maana ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya huweza kuitoa kwa mfululizo. Hata RMS nayo isichukuliwe kwa pupa: nguvu ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ndogo sikioni. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu, nguvu yapasa kuongezwa takriban mara kumi. Kwa sebule ya kawaida ya ploti, yaani vyumba vya kupanga, wati 30 hadi 60 za kweli zinatosha.

Chumba

Sakafu ya saruji, kuta tupu na mabati hurudisha sauti, na mwangwi huo hufunika konsonanti zilezile zilizotafutwa kwa fedha. Zulia, mito ya kuegemea na pazia zito hupunguza mwangwi bila gharama mpya, na nyumba ambazo wageni huketi chini juu ya zulia tayari zina faida hiyo. Anayeketi chini anapaswa kuishusha saundiba au kuiinamisha imwelekee, kwani televisheni iliyopachikwa juu ukutani huacha sauti ipite juu ya kichwa.

Saundiba haiwekwi ndani ya kabati wala nyuma ya mapambo. Ukingo wake wa mbele uwe sawa na ukingo wa meza, vinginevyo meza hurudisha sauti. Sabufa ikisukumwa kwenye kona, besi huongezeka na mabati au vioo vya dirisha vilivyolegea huanza kutetemeka, hivyo isogezwe mbali na kona. Mvua kubwa juu ya mabati hushinda saundiba yoyote ya bei nafuu. Hapo maandishi ya chini ya kioo, yakiwepo, husaidia zaidi.

Vyumba vinavyopakana kwa ukuta mmoja vina wajibu kwa jirani, na besi hupenya ukuta kuliko maneno. Kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, huweka viwango vya chini zaidi usiku. Saundiba yenye "hali ya usiku" hupunguza milio mikubwa na kuyainua maneno, sifa inayofaa pia wakati wa adhana au mtoto anapolala.

Umeme

Umeme wa gridi nchini Kenya ni volti 240 na hezi 50. Ukikatika na kurudi kwa kishindo huweza kuunguza sehemu ya kupokea umeme, hivyo kifaa cha kukinga televisheni kinachochelewesha umeme unaporudi kinastahili kuwa sehemu ya bajeti, na saundiba ichomekwe humo pamoja na televisheni.

Nyumba zinazotumia sola zina hesabu tofauti. Televisheni nyingi za sola hutumia volti 12 za betri, ilhali saundiba nyingi zinadai umeme wa ukutani. Inveta hutatua hilo, ila nayo hula sehemu ya betri. Njia nafuu ni kutafuta saundiba yenye adapta ya nje na kusoma maandishi yake: ikiwa inatoa volti 12 za DC, fundi anaweza kuiunganisha na betri kupitia kifaa cha kutuliza volti, kwa kuzingatia upande wa chanya na hasi. Isiyo na adapta ya namna hiyo isilazimishwe.

Bajeti

Kwa bei za miaka ya 2020, saundiba za 2.0 mara nyingi hupatikana kwa chini ya shilingi 10,000 za Kenya, za 2.1 zenye sabufa ya pembeni kati ya 10,000 na 25,000, na za 3.1 za kampuni kubwa huanzia hapo kwenda juu. Mwenye shilingi 10,000 atenge kwanza fedha za kebo, kinga ya umeme na usafiri, kisha atumie zilizobaki kununua 2.0 yenye tundu linalolingana na televisheni yake. Mwenye 20,000 na mzee nyumbani anafanya vema kusubiri kidogo afikie 3.1. Mwenye vijana wapenda muziki atosheke na 2.1.

Ununuzi na ukaguzi

Bidhaa huuzwa katika maduka ya mjini Isiolo, au huagizwa kutoka Nairobi, ambako barabara ya Luthuli inajulikana kwa vifaa vya umeme, na kutumwa kama kifurushi kwa gari la abiria. Duka la karibu huweza kuwa na bei ya juu kidogo, lakini mnunuzi husikiliza kabla ya kulipa na hurudi kwa miguu kifaa kikisumbua.

Majaribio dukani yafanywe kwa sauti ya mtangazaji wa habari, wala si wimbo wenye ngoma nzito, maana besi huficha udhaifu wa maneno. Sauti ishushwe hadi chini. Saundiba njema huendelea kueleweka. Kisha zikaguliwe rimoti, kebo, vishikizo vya ukutani, na stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa bidhaa zinazoagizwa nje. Risiti iandikwe namba ya kifaa na muda wa dhamana.

Njia mbadala

Kabla ya kununua, televisheni yenyewe ijaribiwe: mpangilio wa sauti uwekwe kwenye "habari" au "sauti ya maneno", mazingaombwe ya kuzungusha sauti yazimwe, na besi ipunguzwe. Baadhi ya nyumba hukomea hapo.

Mshindani mkuu ni seti ya sabufa na spika mbili, yenye redio na tundu la USB. Kwa bei ileile huwa na besi nyingi, na spika zake mbili zikitenganishwa na kuelekezwa kwa wasikilizaji huweza kushinda saundiba ya bei ya chini kabisa. Hasara yake ni nafasi, waya na maneno yanayozamishwa na besi isiyopunguzwa.

Matunzo na matengenezo

Vumbi la ukanda huu mkavu hufutwa kwa kitambaa kikavu au brashi laini, bila maji wala kupuliza kwa nguvu kwenye wavu wa spika. Kuhusu matengenezo, seti nyingi za sabufa za bei nafuu zina chipu ya amplifaya kama TDA2030, ambayo fundi huing'oa na kuweka nyingine. Saundiba kwa kawaida hubeba kila kitu kwenye bodi moja yenye vipuri vidogo, na bodi ikiungua hubadilishwa nzima. Kwa hiyo modeli ambayo fundi wa mjini amewahi kuifungua na anajua pa kupata bodi yake ni salama zaidi kuliko modeli ngeni yenye sifa nyingi kwenye boksi.